319 kwa 319

Mwandishi mmoja anadai Prince Fielder, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alibebwa na jina la baba yake, Cecil, aliyecheza mchezo huohuo. Hapo umemwonea, ndugu yangu mwandishi. Jina la Cecil lilimfungulia mlango tu. Mpira wa besiboli ukishatupwa haukuulizi wewe ni mtoto wa nani. Mzee alipiga mipira 51 ikavuka uzio (home run) mwaka 1990 akiwa na timu ya Detroit Tigers. Kijana naye akapiga 50 mwaka 2007 akiwa Milwaukee Brewers. Mtoto wa nyoka huyo! Na mpaka leo naona kama mzaha: wote wawili walimaliza na jumla ileile ya home run, 319. Ila Prince aliacha kucheza 2016 akiwa na miaka 32 tu, baada ya shingo kufanyiwa upasuaji mara ya pili. Bila ile shingo, baba angeachwa mbali sana.