Mama wa mti na mikono ya kubangua

Wamakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga mwanamke kwa mti, sanamu ikapata uhai, ikawa mke wake na mama wa kabila. Ukoo nao huhesabiwa kwa mama. Lakini msimu wa korosho ukianza Mtwara na Lindi, fedha hupita njia nyingine: ghafi, yaani korosho zenye maganda, huenda chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kisha mnadani kwa stakabadhi ghalani (mzigo hukaa ghalani kwa risiti mpaka uuzwe), na malipo huingia benki kwa jina lililoandikishwa. Mara nyingi ni jina la mume, hata kama aliyepalilia na kuokota ni mke.

Ndiyo maana wanaotetea kubangua nyumbani, yaani wanawake kutoa punje kwenye ganda wenyewe badala ya kuuza ghafi, wana hoja nzito. Korosho iliyobanguliwa huuzwa stendi au barabarani, na fedha humfikia aliyeifanyia kazi, huku watoto wakiwa machoni pake.

Gharama yake, hata hivyo, iko vidoleni. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi. Kujipaka majivu au mafuta ya kula hupunguza tu. Kukaanga kwenye karai lenye matundu juu ya moto kunatoa moshi mkali wa mafuta hayohayo, na mtoto aliyebebwa mgongoni anauvuta pia. Na malipo ya mateso hayo? Kilo 5 za ghafi hutoa takriban kilo 1 ya punje, na zikivunjika bei inaanguka.

Kuzipika kwa mvuke zikiwa na maganda ni bora: dakika 20 hadi 30, kisha zipoe mpaka kesho yake ndipo zikatwe. Anayeharakisha hukata punje ingali laini, ikachafuka mafuta ya ganda. Baadaye punje zikaushwe kwa nyuzi 70 za Selsiasi hivi, saa 6 hadi 8. Zikikauka kidogo, ganda la ndani, ile ngozi nyembamba ya punje, linang'ang'ania. Zikizidi, zinapasuka wakati wa kumenya.

Kusubiri kiwanda si jibu: vile vikubwa vya miaka ya 1970, vingi vilisimama muongo uliofuata. Naona afadhali kikundi cha akina mama chenye chungu kimoja cha mvuke, mashine za kukatia na glovu, kila mmoja akilipwa kwa jina lake kwa kilo za punje nzima. Kikwazo kikubwa ni mtaji, kuliko hata mashine. Ghafi hupatikana kwa wingi Oktoba hadi Desemba, wateja wa punje wapo mwaka mzima. Kikundi kisichoweka akiba ya ghafi mapema kitakosa kazi kufikia Machi, mashine zikiwa nzima.