Dawa za miezi 6, dago la miezi 4

Kila kaskazi, bahari inapotulia kuanzia kama Desemba hadi Machi, madago, yaani kambi za muda za wavuvi, ya Malindi na Ngomeni katika pwani ya Kenya hupokea wavuvi wa Kipemba. Elimu ya kifua kikuu wanayopewa ni ile ile ya wenyeji: bango ukutani na "maliza dozi". Tunaona haiwafai. Tiba ya kawaida ni miezi 6: 2 ya dawa nne, kisha 4 ya dawa mbili. Upepo wa kusi ukianza, mvuvi anarudi kwao, dozi inakatika, na vimelea vilivyobaki vinaweza kuwa sugu.

Basi swali la kwanza kwa mgonjwa liwe: unaondoka lini? Asing'oe nanga bila barua ya uhamisho yenye tarehe aliyoanza, dawa, uzito na majibu ya makohozi, pamoja na vidonge vya kumfikisha hadi kituo cha kwao.

Kuhusu kupima, anayekohoa wiki 2 asingoje. Asukutue mdomo kwa maji matupu, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Mate hayasaidii kitu. Makohozi ya alfajiri ndiyo bora, ila kwa anayevua usiku kwa taa, alfajiri yake ni saa anayoamka. Kopo lifike maabara siku hiyo hiyo, lisianikwe juani.

Lisilotajwa kwenye bango lolote tulilosoma ni samaki. Jodari na vibua wakikaa bila barafu hujenga histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na kuwapika hakuiondoi. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huzuia mwili kuivunja. Mgonjwa akila kitoweo hicho uso unamwiva, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Atalaumu vidonge na kuviacha. Aambiwe mapema: ale samaki wa leo leo, au aliyetiwa barafu tangu kuvuliwa. Vilevile ajue kuwa mkojo wa rangi ya chungwa ni kazi ya rifampisini, si damu. Macho yakiwa manjano au yakianza kufifia, hilo ni jambo jingine: aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nahodha naye afundishwe, maana ndiye mwenye kuamua nani alale wapi. Ugonjwa husambaa kwa hewa, si kwa sahani wala kikombe. Banda la makuti lililozibwa pande zote kwa turubai ndilo hatari. Afungue pande mbili zinazoelekeana, na mgonjwa alale upande ambako upepo hutoka nje ya banda, usije ukapita kwake kwanza kisha kwa wenzake. Kwa kawaida, baada ya kama wiki 2 za dawa zinazofanya kazi, uambukizaji hushuka sana. Kumfukuza dagoni ni kumpoteza kwenye dawa.

Na mkutano usiitwe asubuhi, watu wakiwa wamechoka na samaki wanasubiri mnunuzi. Wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi. Waelimishaji waje siku hizo, baada ya alasiri.