Bia ya safari haibebwi safarini

Niseme mapema ili wale wa kunitumia meseji za "we nawe na pombe zako" wajipange: mimi si mnywaji wa kila siku. Mwezi mzima naweza kupita baa zote za hapa Malindi na nisisimame hata moja. Lakini nikitoka safari ya baiskeli au ya miguu, jua limenichapa, chumvi imekauka kwenye nyusi, hapo bia moja baridi siibadilishi na kitu, na siku hizi nimeshikwa na hizi bia za krafti, za viwanda vidogo, zile chupa zenye lebo za marangirangi utadhani kanga.

Najua mnavyosema. Shilingi 450 chupa moja, chungu kama mwarobaini, alafu mtu anakukazia macho ati kasikia harufu ya embe ndani yake. Siku ya kawaida nawaunga mkono kabisa bana. Nishawahi kuinywa IPA, aina moja ya hizo bia za krafti, ile chungu, Jumanne jioni, nimetoka kukaa chini ya feni kutwa nzima, nikaona nimeibiwa. Bia ilikuwa nzima, Jumanne ndo ilikuwa haina maana.

Sasa ngoja niwape ya Januari. Mimi na rafiki yangu mmoja tulipanga kwenda Marafa kwa baiskeli, kama kilomita 35 hivi kutoka mjini, tukatoka saa kumi na moja alfajiri ili jua lisitukute njiani. Tukavuka daraja la Sabaki kukiwa na ukungu juu ya maji, maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, manake mto huu ndo ule ule Athi wa huko bara, ukishuka unaitwa Galana, ukifika kwetu unaitwa Sabaki, na udongo wote wa watu unatuletea sisi baharini. Januari ni kaskazi, kwa hiyo upepo ulikuwa unatupiga usoni, na baada ya Marikebuni mchanga ukawa mwingi mpaka tukashuka tukasukuma. Rafiki yangu hanywi, ni mtu wa swala tano, yeye kabeba maji na tende. Mimi nimebeba maji, viazi karai, na chupa moja ya IPA nimeiviringisha kwenye kikoi kilicholowa maji, najisikia fundi kweli kweli. Nikiwaza vile nitaifungua pale ukingoni nikiangalia bonde, na picha nitapiga.

Tulifika saa tatu na kitu. Kwa ambaye hajafika, Marafa ni bonde lililomomonyoka kwa mvua na upepo, limebaki na minara ya udongo mwekundu, mweupe, wa machungwa, wageni wanapaita Hell's Kitchen, Wagiriama wanapaita Nyari. Hadithi ya pale ni kwamba paliishi ukoo tajiri wa ng'ombe, wakawa na kiburi hata wanaoga maziwa, Mungu akakasirika akawadidimiza ardhini na boma lao lote, ndo ule weupe ni maziwa na ule wekundu ni damu. Mzee wa pale aliyetushusha bondeni alitusimulia hivo, tukazunguka, tukapanda tena juu tukihema, nikasema sasa ndo wakati wangu.

Nikaitoa chupa. Kikoi kilikuwa kimekauka zamani, chupa yenyewe ya moto kama imetolewa kwenye jiko. Nikaingiza meno ya ufunguo chini ya kizibo, sijamaliza hata kuinua, puu! Povu likaruka usoni, kifuani, kwenye shati, kwenye viazi, nikaweka mdomo nizuie likatokea puani. Rafiki yangu kakaa chini anacheka mpaka analia. Mzee ndo hakucheka, akaniangalia tu, akasema: "Mwanangu, hapa watu walizama kwa kuoga maziwa, na wewe waja kuoga tembo?"

Tembo lake yeye ni pombe, si mnyama. Sikuwa na jibu.

Kilichobaki kilikuwa robo ya chupa, nikamkaribisha kwa adabu. Akaonja, akatafuna tafuna ulimi, akarudisha chupa. "Hii si mnazi wa juzi hii?"

Lile neno lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi (tulirudi kwa Probox, baiskeli juu ya keria, siendeshi nikiwa nimeonja hata robo). Manake mzee alikuwa na haki kuliko alivyojua. Mnazi, ile pombe ya mti wa mnazi, unagemwa asubuhi na jioni, na kabla mgema hajafika chini ya mti ushaanza kuchacha wenyewe, hamira iko hewani na kwenye kibuyu. Wa asubuhi mtamu, wa jioni mkali, ukilala siku mbili ni siki ya kachumbari. Ndo maana mnazi mzuri unafuatwa mangweni, kule kule unakouzwa, hauletwi Nairobi kwa basi. Hizi bia za krafti nyingi hazichujwi wala hazichemshwi kuua hamira, kwa hiyo ndani ya chupa mna kitu kingali hai, chini kuna mashapo, na gesi haipendi kukaa kwenye kinywaji cha moto, ukiongezea na kilomita 35 za matuta basi umejitengenezea bomu. Laga ya kiwandani inavumilia zaidi, imetengenezwa isafiri, Lodwar ni ile ile na Lamu ni ile ile. Hata ile ya tembo kwenye lebo. Mnaijua habari yake? Kiwanda kilianza 1922, mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akaenda kuwinda tembo, tembo akamuua, bia ikapewa jina la Tusker. Yaani huyo bwana kiwanda chake mwenyewe na bado safari yake haikuishia kwenye glasi.

Kwa hiyo maoni yangu ndo haya, na mnaweza kuyapinga: bia ya safari haibebwi, inaachwa nyumbani ikusubiri. Na baa usizitegemee, manake kwa ile sheria ya pombe ya 2010 wanayoiita ya Mututho, jina la mbunge aliyeileta, zinafungua saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane wikendi, na mtu wa baiskeli kiu yake inamshika saa tano mchana. Acha moja kwenye friji, nenda, rudi, oga.

Maji kwanza, lakini. Hili sitanii, pombe inakukojoza tu, ukiimimina kwenye mwili mkavu utaamka na kichwa cha ngoma. Siku ile nilikunywa maji vikombe vitatu na dafu moja, nikasubiri magharibi ipite rafiki yangu arudi kutoka msikitini, tukapanda juu ya nyumba. Malindi jua halizami baharini, linazama nyuma yetu huko Ganda, kwa hiyo bahari inaingia giza polepole tu na taa za ngalawa zinaanza moja moja. Yeye na dafu lake. Mimi nikaimimina IPA nyingine niliyokuwa nimeiacha kwenye friji, pole pole, nimeinamisha glasi, mashapo nikayaacha chupani, povu likasimama kidole kimoja likatulia. Ule uchungu uliokuwa wizi Jumanne, usiku ule ulipita kooni ukafuta vumbi lote la Marikebuni, na nyuma yake, haki ya Mungu, nikasikia embe. Embe dodo. Nimewacheka watu miaka.

Moja tu lakini. Ya pili unakunywa kwa sababu mdomo hauna kazi.

Sasa kwenye friji imebaki moja, imekaa pale mlangoni na mtindi, na mke wangu kila akifungua anauliza hii inalipa kodi lini. Nimemwambia haiguswi mpaka nitembee msitu wa Arabuko-Sokoke kutwa nzima. Akasema basi Jumamosi hii nenda, anataka nafasi ya juisi, na nisisahau kwamba msituni humo mna tembo.