Meneja msaidizi asiwe mtu wa kuomba radhi tu

Anayetaka kujua ni nani hasa anayeuendesha mgahawa wenye wateja wengi asimtafute mwenye mali. Aingie mchana wa Ijumaa katika mgahawa wowote wa katikati ya Dar es Salaam, wakati waumini wametoka kuswali na wafanyakazi wa ofisi za eneo la Posta wametoka kwenda kula, amwangalie mtu aliyesimama kati ya kaunta na mlango wa jikoni, anayeitwa na kila upande. Huyo ndiye meneja msaidizi. Nimeifanya kazi hiyo, na maoni yangu ni kwamba kwenye migahawa yetu mingi imepangwa vibaya: anayeifanya hubeba lawama ya kila uamuzi, ilhali uamuzi wenyewe hakuruhusiwa kuufanya.

Chukua biriani, ambayo ndiyo oda ya Ijumaa. Si chakula cha kuongezwa haraka kama chipsi, kwa sababu nyama hukolezwa viungo na kuiva taratibu tangu asubuhi, na sufuria ikishakwisha imekwisha. Inapokwisha saa nane kasoro, wakati meza kadhaa zimeshaagiza na nyingine zimeshalipia kaunta, mtu fulani lazima aamue papo hapo kama wateja hao watapewa pilau kwa bei pungufu, watarudishiwa fedha au watapewa kinywaji bure wakati wanasubiri kitu kingine. Meneja yuko kwenye kikao na simu yake haipokelewi. Mpishi mkuu naye, ambaye kwa kawaida anamtambua meneja peke yake, hatakubali kuambiwa kitu na msaidizi. Kinachobaki ni kuomba radhi, na mteja mwenye njaa hushiba radhi haraka sana.

Hali ni hiyohiyo kwenye malipo. Mteja amelipa kwa simu, anaonyesha ujumbe wa muamala, lakini kwenye simu ya kaunta hakuna kilichoingia. Mtandao husumbua, na pia wapo watu wanaoghushi ujumbe wa aina hiyo. Ukimzuia mteja mwaminifu umempoteza pamoja na wenzake wa ofisini, na ukimwachia tapeli, jioni keshia atakuwa na upungufu ambao lazima upate mwenyewe wa kuulipa.

Mwenyewe huyo, mara nyingi, ni mhudumu, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Mteja akiondoka bila kulipa, bili huandikwa kwenye jina la mhudumu na mwisho wa mwezi hukatwa, na anayetumwa kumweleza ni meneja msaidizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu makato ya namna hiyo isipokuwa mfanyakazi amekubali kwa maandishi, hasara imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, amepewa nafasi ya kujieleza, na makato hayazidi robo ya mshahara wake wala hasara yenyewe. Mteja aliyetoroka wakati mhudumu yuko jikoni akichukua chakula cha meza nyingine si kosa la mhudumu. Ni gharama ya biashara, kama nyanya zilizooza stoo.

Ninachopendekeza ni msaidizi aruhusiwe kufuta bili kama hizo. Wenye migahawa watasema kwamba akiruhusiwa atawalisha rafiki zake bure. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana wapo waliofanya hivyo. Dawa yake, hata hivyo, ni kumwekea kiwango kinachojulikana kwa kila zamu, na kila bili anayoifuta iandikwe kwa namba yake, iwe na sababu, isainiwe na yeye pamoja na keshia. Daftari hilo likisomwa kila wiki, anayewapendelea jamaa zake ataonekana mapema kuliko sasa, ambapo mambo haya huamuliwa kwa kunong'ona. Mpishi mkuu naye aambiwe, tena na meneja mwenyewe, kwamba meneja asipokuwepo neno la mwisho ni la msaidizi.

Kuna jambo jingine la sheria ambalo wengi wanaofurahia kupandishwa cheo hawaambiwi. Sheria hiyo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, lakini kifungu cha 17 kinawatoa katika kinga hiyo wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mhudumu aliyepandishwa kuwa meneja msaidizi anaweza, kwa siku moja, kupata kitambulisho kipya na kupoteza haki ya malipo ya saa za ziada. Kutolewa huko kunaeleweka ikiwa mtu huyo kweli anaongoza. Mwenye mgahawa anayeona msaidizi wake hastahili kuamua hata sahani moja ya pilau, basi amhesabie saa zake na kumlipa za ziada kama anavyowalipa wahudumu.