Millers Dale haikufa kwa kukosa abiria

Jumapili iliyopita nilikuwa Millers Dale, stesheni ya zamani ya reli huko Derbyshire, Uingereza, nimekaa jukwaani na kikombe cha chai. Zilipolala reli zamani, leo zinapita baiskeli. Jirani yangu mmoja akamwambia mwanawe, "Waliifunga kwa sababu watu hawakuitumia." Chai ikanishinda.

Hawakuitumia? Stesheni hii ya 1863 iko bondeni, nyumba zenyewe za kuhesabu, na ilikuwa na majukwaa matano! Wa mji wa jirani wa Buxton walibadilishia treni hapa, na ofisi ya posta ilikuwa papo hapo jukwaani. Daraja la kwanza juu ya mto Wye lilipozidiwa, mwaka 1905 likaongezwa la pili ubavuni mwake. Nani hujenga daraja la pili kwa ajili ya abiria wasiokuwepo?

Kinachoniuma hasa ni hesabu. Ripoti ya 1963 ya Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli la Uingereza, ilitaka stesheni zaidi ya 2,300 zifungwe, na abiria walikuwa wamehesabiwa wiki moja tu, Aprili 1961. Sehemu wanazokwenda watu kupumzika wakati wa kiangazi, unazipima Aprili! Halafu mapato yaliandikiwa stesheni iliyouza tiketi. Mtu wa Manchester akikata kwao tiketi ya kwenda na kurudi, akashukia huku kutembea milimani, fedha yote ni ya Manchester. Huku wanaandika sifuri. Ni kama kusema mnadani hakuna watu kwa kuwa nauli walilipia makwao.

Na waziri wa uchukuzi wakati huo, Ernest Marples, alikuwa mwanzilishi wa kampuni ya kujenga barabara. Hilo nalo lisisahaulike.

Machi 1967 treni ya mwisho ikasimama hapa. Mwaka uliofuata njia nzima ya bondeni ikafungwa.

Haya, nakubali: njia ya watembea kwa miguu ni nzuri. Tangu mahandaki ya reli ya zamani yafunguliwe kwa wapitaji 2011, hata mwenye kiti cha magurudumu anapita chini ya mlima bila shida, na nimemwona bibi mmoja akitoka gizani anacheka. Lakini maegesho yalikuwa yamejaa magari hadi barabarani, na asiye na gari anangoja basi.

Anayesema reli ikifa haifufuki aende Okehampton, Devon. Treni za kila siku zilirudi Novemba 2021, baada ya karibu miaka 50. Hapa Millers Dale madaraja yote mawili bado yamesimama.