Raba za mbio: umsikilize muuzaji yupi?

Anayeanza kukimbia Marekani ana pa kwenda pawili. Kuna maduka makubwa ya vifaa vya michezo kama Dick's Sporting Goods, yenye matawi zaidi ya 700, ambako raba huuzwa hatua chache tu kutoka kwenye mahema na mipira ya kikapu. Kuna pia maduka ya wakimbiaji kama Fleet Feet, iliyoanzishwa na wanawake wawili Sacramento mwaka 1976. Wakimbiaji wengi husema makubwa yana bei nafuu na madogo yana ujuzi. Mimi nakubali nusu.

Ujuzi upo, na unauona ukishakaa kitini. Muuzaji mzuri wa duka la wakimbiaji hakimbilii rafuni. Anakuuliza unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, kwenye lami au vumbini, na uliwahi kuumia wapi. Anageuza raba zako za zamani aone soli imelika upande gani. Anakupima miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwa kuwa wayo hutanuka ukibeba uzito. Anabonyeza mbele ya kidole kirefu kuhakikisha pamebaki upana wa kidole gumba, maana miguu huvimba katika mbio ndefu na kucha ndizo huumia. Kisigino kikicheza, anafunga kamba kwa namna nyingine kabla ya kukuletea boksi jingine.

Duka kubwa huwapata watu wa namna hiyo kwa bahati. Aliyepanga mahema jana, leo yuko kwenye viatu, kesho kaunta. Si kosa lake. Hakuna aliyempa muda wa kujifunza. Na Dick's yenyewe ilianza mwaka 1948 kama duka la zana za uvuvi tu, huko Binghamton, New York.

Hata hivyo, si kila anachojua mtaalamu ni kweli. Kwa miaka mingi maduka ya wakimbiaji yameuza raba kwa kutazama uvungu wa wayo na jinsi mguu unavyolalia upande wa ndani unapokanyaga. Jeshi la Marekani lilipojaribu kuwapa makuruti raba kulingana na umbo la wayo, majeraha hayakupungua. Nchini Denmark, utafiti wa 2014 uliwafuatilia watu 927 walioanza mbio wakiwa na raba za aina moja. Wenye miguu inayolalia ndani hawakuonekana kuumia zaidi. Utafiti wa Luxembourg wa 2016 uliona raba za kuzuia mguu kulalia ndani zinawasaidia baadhi yao, kwa hiyo mjadala haujaisha. Lakini anayekutazama dakika mbili kisha akakuuzia raba ya bei kubwa kwa uhakika wa daktari anavuka mpaka. Kijana wa duka kubwa anayesema “chukua inayokukaa vizuri” huenda yuko karibu zaidi na ukweli.

Kwa hiyo namwamini mtaalamu kwa maswali na mikono yake, si kwa utabiri wake. Raba ya kwanza nunua kwake, na ulipe hapo hapo. Kujaribia kwake kisha ukaagiza mtandaoni ni kumla muda wake bure. Ya pili inaweza kutoka duka kubwa, kwa punguzo, ikiwa ni toleo lilelile. Toleo likibadilika, rudi kwa mtaalamu: jina huweza kubaki lilelile huku raba imebanwa mbele, na yeye ndiye aliyekwisha kusikia malalamiko ya waliotangulia kuivaa.