Vietnam imepaa kweli au ni mlango wa nyuma wa China?

Kuna hii kauli nakutana nayo kila siku, kwamba Marekani ilipoanza kuitwanga China ushuru 2018 viwanda vikahamia Vietnam, China ikabaki inaangalia. Mi naona watu wanaharakisha.

Kupaa wamepaa, hilo sibishi. Bac Ninh na Thai Nguyen kule jirani na Hanoi ilikuwa mipunga na mashamba ya chai, leo Samsung wanatoa simu kwa mamilioni pale. Mwaka 2024 Vietnam iliiuzia Marekani mzigo wa karibu dola bilioni 120. Sasa hapohapo mwaka huohuo wao wenyewe wakanunua China mzigo wa bilioni 144 hivi, yaani vitambaa, zipu, chipu, vioo vya simu, vinaingia na malori kupitia mpaka wa Lang Son, vinashonwa au kuunganishwa, halafu kontena linashuka bandari ya Hai Phong na lebo mpya. China haijatoka kwenye biashara, imesogea nyuma hatua moja tu.

Ndo maana wanaosema mlango wa nyuma siwezi kuwapuuza. Hata Marekani Julai 2025 ilitangaza ushuru wa asilimia 20 kwa bidhaa za Vietnam na 40 kwa zile zinazopitishwa tu pale. Ila hapo kwenye kupitishwa ndo pagumu: simu ya kampuni ya Korea, yenye vipande vya China, imeunganishwa na binti wa Bac Ninh, hiyo ni ya nani?

Upande wa pili, kuunganisha sio kazi ya kudharau. Shenzhen, mji wa viwanda wa China, ulianza hivyohivyo miaka ya 80, watu wakajifunza humohumo mpaka wakatengeneza vyao. Na RCEP, mkataba wa biashara wa nchi 15 za Asia na Pasifiki zikiwemo China na Vietnam, ulioanza kazi Januari 2022, unaruhusu vipuri vya mwanachama mmoja vihesabike kama vya mwenzake, kwahiyo hii minyororo ya uzalishaji nchi hizo zimeitaka zenyewe. India ilijitoa kwenye mazungumzo yake 2019 kwa kuogopa kufurikwa na mali ya China, na ile hofu ina msingi jamani. Angalia Indonesia, kiwanda kikubwa cha nguo cha Sritex kilifungwa Machi 2025, watu zaidi ya 10,000 wakakosa kazi, madeni yalikuwa makubwa ndio lakini wenye viwanda vya nguo kule wamelia muda mrefu na vitambaa vya bei ya kutupa kutoka China.

Mi nimeegemea kwa Vietnam, kwa sharti moja. Kampuni zao zenyewe bado nyingi zinawauzia hao wakubwa maboksi na plastiki, vitu vyepesi. Siku kioo na betri vitatoka kwa fundi wa hapohapo Thai Nguyen, lori la Lang Son litapungua mzigo, na hiyo ndo namba nitakayoiangalia kabla ya ile ya mauzo.